Karanga Katikati ya Uwanja

Mimi ndiye niliyeshika kalamu siku ile,
Mbale, ukumbi wa manispaa, kikao cha saa tatu kikaanza saa tano,
mvua ya Wanale ikitambaa juu ya mabati.
Kumbukumbu rasmi zina kurasa nne. Zimetiwa saini.
Haya hayamo.

Mhandisi Tumuhairwe alifunua kitambaa
na uwanja wetu ukatokea mezani, wa karatasi ngumu:
viti elfu kumi na mbili, paa kama bawa,
maduka sitini yakitazama barabara,
miti ya plastiki isiyodondosha jani.
Diwani Gidudu alipiga makofi peke yake, kisha akaacha.
"Na nyasi zitakuwa tambarare," mhandisi akasema,
"kama maji ndani ya sinia."

Hapo ndipo Wepukhulu alipoinuka,
golikipa wa zamani, vidole viwili vimepinda kama ndoana.
Hakuhutubu. Alitoa karanga mfukoni, akaimenya,
akaiweka katikati ya uwanja wa karatasi.
Tukangoja.
Karanga haikwenda popote.
"Mnaona?" akasema, akaketi.

Wageni hawakuelewa. Sisi tulicheka; wengine tulimeza mate.
Maana uwanja wetu umeinama tangu ulipolimwa,
upande wa mlima juu, upande wa kusini chini,
na mtoto wa Mbale hata kabla hajajua kuhesabu anajua hili:
ukishinda sarafu, panda kwanza.
Panda ungali na pumzi, fungwa moja, fungwa mbili, usilie,
kipindi cha pili mlima wenyewe utavaa jezi yako.
Timu za Lira, za Soroti, za Jinja
zimekwenda mapumziko zikiongoza,
zikapanda basi zikiulizana mpira ulipitia wapi.
Wao waliuita mteremko ule wizi.
Sisi tuliuita mchezaji wa kumi na mbili, asiyedai posho.

Nikaandika: Hoja ya mteremko.
Kalamu ikasita, kwani Khainza alikuwa amesimama,
kocha wa wasichana, filimbi bado shingoni.
"Mteremko naupenda. Umenipa mabao.
Lakini golikipa aniambie
wasichana wangu wanabadilishia nguo wapi."

Kimya. Mvua tu.

"Nyuma ya tangi la maji. Ishirini na wawili, leso mbili.
Wawili wanakuwa ukuta, wengine wanavaa.
Mwaka jana upepo ulichukua leso moja
na jukwaa zima likapiga mluzi.
Mtoto yule hajarudi mazoezini.
Jina lake silitaji. Mnalijua."

Nalijua. Nami nilikuwa ukuta,
miaka kumi na tisa iliyopita, tangi lile lile,
mikono juu mpaka mabega yawake moto,
leso ya mama yangu, maandishi yake yamefutika,
limebaki neno moja tu, *subira*,
na hilo nalo likianza kuchuja.

Wepukhulu alitazama vidole vyake.
"Jengeni vyumba," akasema polepole, "mlima uacheni."
"Mkopo ni wa vyote au hakuna," Gidudu akajibu.
"Benki haikopeshi mlango mtupu."
Na Mama Nambozo, muuza malewa wa lango la magharibi,
akauliza kodi ya duka moja kati ya yale sitini.
Alipotajiwa, alikunja barua yake ya malalamiko
mara nne, mara nane,
akaisukuma kifuani, hakusema tena.

Kura: kumi na moja, kumi na moja.
Mwenyekiti akakohoa, akasema mvua imezidi,
suala lirudi kamatini. Hilo limo, ukurasa wa nne.

Watu walipotoka, mhandisi alibaki akifunika mji wake mdogo.
Akaiona karanga. Akatazama huku, akatazama kule,
akaila.

Nilipita uwanjani nikirudi nyumbani.
Maji yote yalikuwa yakikimbilia goli la kusini.
Nyuma ya tangi, leso mbili zimeinuliwa, mikono minne,
zimelowa, zimeshikamana na upepo.
Nikaharakisha hatua,
nikageuza uso upande wa mlima.